Shamba la Matroni, Nilikofutwa Kazi

Matroni aliogopa kuku. Naanza na hilo kwa sababu siku hizi watu wakimsifu, kanisani na hata mezani kwetu, humsifu mpaka anakuwa kama sanamu. Mimi namkumbuka akiwa amepanda juu ya ndoo iliyopinduliwa, sketi kaishika kwa mikono miwili, akipiga kelele, "Njoki! Njoo uondoe huyu mtu!" Huyo mtu alikuwa jogoo. Njoki, msichana aliyesimamia banda, alikuja akitembea polepole makusudi, akamkamata jogoo mabawa na kusema, "Matroni, si amekusalimia tu." Matroni akashuka, akanyoosha sketi, akaendelea na somo pale alipoliachia. Somo lenyewe lilikuwa kuhusu kutunza kuku.

Alikuwa matroni kweli, si jina la utani. Aliongoza wauguzi kwa miaka mingi katika hospitali moja kubwa upande wa Upper Hill, akastaafu, na badala ya kurudi kwao kupumzika kama wenzake, akaliomba kanisa letu pale Muthangari kipande cha ardhi nyuma ya jengo, palipokuwa na magugu na mabati mabovu. Akalima hapo. Yaani, akalimisha. Yeye mwenyewe alikuwa na tuta moja la vitunguu, na kama vitunguu vingekuwa na mdomo, vingeomba kuhamishwa. Kila msimu vilitoka vyembamba kama nyuzi. Kila msimu alisema tatizo ni mbegu.

Watu waliokuja kujifunza pale walikuwa wale ambao ukianza kusimulia historia yao kwa mwajiri, mwajiri anakumbuka ghafla kwamba ana mkutano. Waliotoka jela. Waliokulia mitaani. Wagonjwa wa magonjwa yanayowatia watu hofu. Walikaa msimu mmoja au miwili, wakipanda mboga, wakifuga, wakitengeneza vitalu vya maua, na kubwa zaidi wakizoea kuamka, kufika, kupokea amri na kujibu bila kutetemeka. Kisha Matroni aliwatafutia kazi: bustani za watu Lavington, jikoni za hoteli za mjini, kwa wauza miche wa kandokando ya barabara. Nasema aliwatafutia, lakini ukweli ni kwamba aliwasumbua waajiri mpaka wakaona afadhali kuajiri.

Mimi sikuwa mmoja wao. Mimi nilikuwa volontia. Mama alinipeleka nikiwa kidato cha kwanza, na msidhani ni kwa sababu nilikuwa na moyo wa kusaidia. Jumamosi pale kwetu Kangemi nilikuwa nikiwasumbua majirani, ndiyo sababu ya kwanza. Ya pili ilikuwa kaka yangu Wekesa. Wekesa ana kifafa. Alikuwa amefukuzwa duka la vifaa vya ujenzi, akafukuzwa penye kuosha magari, akafukuzwa na mwoka mikate ambaye alimwona akianguka na kesho yake akamtupia nguo zake nje kwa kijiti, asije akamgusa. Baada ya hapo Wekesa alikuwa mtu wa kuomba msamaha hata akipishana na mlango. Mama alitaka mtu wa kumwangalia huko shambani, na mtu aliyepatikana ni mimi.

Sasa, kwingine kote volontia ni mtu wa kuja kusaidia. Anakuja na tishati mpya, anabeba ndoo moja, anapigwa picha, anarudi kwao akijihisi malaika. Kwa Matroni mambo yalikuwa kichwa chini miguu juu. Volontia aliajiriwa. Siku ya kwanza ulipewa mwanafunzi mmoja wa shamba, na huyo ndiye bosi wako. Ulimwita Bosi. Ndiye aliyekuonyesha kazi, akaikagua, akakupa ruhusa ya kwenda chooni, na ukileta upuuzi alikufuta. Ukifutwa ulitoka langoni, hakuna kubembeleza. Ungeweza kuomba kazi upya Jumamosi iliyofuata, na aliyekuhoji ni yule yule aliyekufuta.

Mama alipoona utaratibu huo alishtuka. "Sasa Matroni, huyu si mtoto tu? Afutwe kazi?"

"Mama Wekesa," Matroni akasema, "mtu aliyefukuzwa kila mahali anamwona bosi kama simba. Mpe nafasi naye awe bosi. Afute mtu mmoja, wawili. Ataona kumbe bosi ni mtu tu, ana njaa, hajui majibu yote, anaogopa kazi isiharibike mikononi mwake. Akienda kuomba kazi kesho hatatetemeka sana."

"Na huyu anayefutwa?"

Matroni akanitazama juu mpaka chini. "Huyu atafaidika kabisa."

Alinipa jina siku hiyo hiyo: Redio. Nilikuwa nikiongea sana, nakubali. Alikuwa na namna ya kuniambia "Redio, zima" bila kugeuza shingo, hata nikiwa nimenong'ona upande wa pili wa banda la sungura.

Bosi wangu alikuwa Wekesa. Nadhani Matroni alifanya hivyo kwa uchokozi, maana alikuwa na uchokozi mwingi chini ya ile sauti ya wodini. Nami nikaona hapa nimepata ulaji. Kaka mwenyewe atanifanya nini? Wiki za kwanza nilikaa kivulini nikimtangaza kama mpira. "Wekesa anapokea mboji, anamzunguka Njoki, anaingia na toroli ndani ya kumi na nane, hatari, hatariii..." Watu walicheka. Wekesa naye alicheka, kile kicheko chake cha kuomba asisumbuliwe. Mpaka Jumamosi moja, nikiwa katikati ya kutangaza, akaweka toroli chini.

"Nenda nyumbani," akasema.

"Mimi?"

"Wewe. Umefutwa." Sauti ilikuwa ikitetemeka.

"Wacha mchezo, budaa."

Akavuta pumzi. Nyuma ya tangi la maji niliona ncha za viatu vyeupe vya Matroni zikiwa zimetulia kabisa, zikisikiliza. "Sichezi," Wekesa akasema, na safari hii sauti haikutetemeka. "Umekaa kivulini tangu asubuhi na miche inakauka. Toka."

Nikatoka. Nilitembea mpaka Kangemi nimekasirika kama meneja wa benki aliyefutwa kazi. Jioni Mama akauliza mbona nilirudi mapema, nikasema, "Mtoto wako amenifuta kazi." Mama aliketi chini akacheka mpaka akashika mbavu. Wekesa alikuwa akila kimya, lakini alikuwa ameketi wima. Sikuwa nimemwona ameketi wima kwa muda mrefu. Ndipo nikaelewa kidogo yule mama wa viatu vyeupe alikuwa anafanya nini na sisi, ingawa sikumwambia mtu, nina heshima yangu.

Jumamosi iliyofuata nilihojiwa.

"Kwa nini uliacha kazi ya mwisho?" Wekesa akauliza, uso mkavu.

"Bosi alikuwa mkali."

"Bosi huyo alikuwa nani?"

"Wewe."

Akafikiri. "Unaanza kwa kuosha ndoo za sungura," akasema. Nilifutwa mara nyingi baadaye, na mabosi wengine walioniazima pia walinifuta, lakini ile ya kwanza naikumbuka kwa upendo.

Niseme kuhusu viatu. Matroni alivaa vile viatu vyeupe vya wauguzi shambani, kwenye matope, kila siku. Tulimwambia anunue gambuti kama watu wengine. Alisema gambuti humfanya mtu atembee kama bata, na hakufika umri ule ili atembee kama bata. Jioni aliviosha bombani na kuvipaka chaki kabla ya kwenda nyumbani. Kifuani alibandika saa ndogo iliyoning'inia kichwa chini, ya wauguzi, na ukichelewa hakukugombeza. Aliinua ile saa kwa vidole viwili, akaitazama, akaitazama tena, kama anayetafuta mapigo ya moyo wa mgonjwa aliyeshafariki. Afadhali kugombezwa.

Chai yake ilikuwa na sukari ambayo angemkataza binadamu yeyote. Alituhubiria juu ya meno, juu ya figo, juu ya mafuta, na ndani ya mkoba wake mlikuwa na mandazi yaliyofungwa kwenye gazeti hata mkoba wenyewe ulinuka iliki. Wimbo wa kanisani aliuimba kwa nguvu na maneno yake mwenyewe. Na alipenda mieleka. Ile ya kwenye televisheni, ya Wazungu wenye misuli na kaptura za kubana. Jumatatu alikuwa akimsimulia Njoki nani alimrusha nani, akionyesha kwa mikono, na fagio likiwa mpinzani.

Mimi, kwa kiherehere changu, nikamwambia, "Matroni, lakini hiyo mieleka ni maigizo. Wanapanga."

"Damu niliiona."

"Ni rangi."

Akanigeukia. "Kati yangu na wewe, nani ameona damu?" Hakuniongelesha mpaka saa ya chakula.

Kwa wageni hakuwa na adabu nyingi. Siku moja walikuja watu wa ofisi fulani ya mjini, wote na tishati za rangi moja, na kamera. Dada mmoja wao, mzuri, mwenye roho nzuri kabisa, alimshika Njoki mikono miwili na kuanza, "Pole sana, mamangu, kwa yote uliyopitia." Njoki alikuwa ametoka jela mwaka uliotangulia na hakuwa amemwambia yeyote kwamba anataka pole. Akaganda. Matroni akapita na ndoo.

"Huruma acha kwa gari," akamwambia yule dada. "Hapa huyu ndiye bosi wako. Ukimaliza kufagia banda mtaongea habari za maisha."

Siku hiyo Njoki alimfuta kazi mwanamume mmoja wa lile kundi aliyekuwa akipokea simu kila dakika. Wenzake wakapiga makofi. Yule bwana akaenda kuketi ndani ya gari lake, kioo kimefungwa, nasi tukadhani amekasirika. Baada ya chakula akarudi, simu ameiacha, akasimama mbele ya Njoki na kuomba kazi. "Simama kama mtu anayengojewa," Matroni akamkumbusha kutoka mbali. Hilo ndilo lilikuwa neno lake kuu, alimwambia kila mtu aliyekuwa karibu kuhojiwa: usisimame kama mtu aliyepotea njia, simama kama mtu anayengojewa ndani. Yule bwana akajinyoosha. Njoki akampa fagio.

Nisije nikamfanya naye malaika. Matroni alikuwa na kichwa kigumu, na kuna watu alikosea juu yao. Palikuwa na kijana mmoja aliyekuwa akirudi mitaani kila akipata kazi, na sote tulisema basi, huyu ameshindikana. Lakini siku za katikati ya wiki Matroni alishuka mjini na mandazi yake, akizunguka vichochoro vya nyuma ya maduka akiuliza wauza karanga kama wamemwona. Njoki alimkanya, akasema anajipoteza bure na magoti yake mabovu. Matroni akajibu kwamba magoti ni yake. Hakumpata yule kijana. Sijui alipo hata leo. Matroni aliendelea kumwekea gambuti zake kwenye stoo, na ole wako uzivae.

Sasa nifike kwa Wekesa na kuanguka kwake, maana ndiko hasa deni letu liliko, la moyo, si la pesa.

Wekesa alikuwa amejaribu njia mbili maishani. Akisema ugonjwa wake mapema, hakupewa kazi. Akiuficha, alipewa, kisha akaanguka, kisha akafukuzwa na matusi juu. Aliamua ya pili ni bora kwa sababu angalau unakula wiki chache. Matroni alikataa kabisa. Alisema Wekesa atausema ugonjwa wake kabla ya kushika jembe, na hatausema kama mtu anayeungama, atausema kama mtu anayeeleza mahali pa kuzimia stima. Kwa hiyo kila volontia aliyewekwa chini ya Wekesa alianza na somo hilo: nikianguka, ondoa vitu vilivyo karibu, weka kitu laini chini ya kichwa, nilaze ubavu, usinishike kwa nguvu, usinitie chochote mdomoni, si kijiko, si kidole chako, tazama saa, kaa nami mpaka nijue niko wapi.

Somo lilihitaji mtu wa kuanguka kwa mfano. Matroni akanichagua mimi. "Si wewe ni msanii? Anguka."

Nilianguka kwa mbwembwe zote. Nilizungusha macho, nikapiga teke karai, siku moja nikaongeza na povu la sabuni. Watu wa tishati walishika vifua. Matroni alisimama juu yangu na ile saa yake inayoning'inia.

"Unaanguka kama mtu anayetafuta makofi," akasema. "Kakako haangukii watu. Anguka vizuri ama nitafute mwingine."

Nikajifunza kuanguka vizuri. Nililala pale kwenye nyasi, shavu kwenye udongo, nikiwasikia wageni wakinigeuza kwa mikono ya woga, na mara kwa mara nilikuwa nikifikiria, kumbe huku chini ndiko anakokaa.

Kulikuwa na meneja mmoja aliyesimamia bustani na usafi wa jengo la ofisi huko Upper Hill. Alikuwa akitafuta mtu wa bustani. Matroni alimsumbua kwa simu mpaka bwana yule akakubali kumwona Wekesa. "Basi njoo Jumamosi," Matroni akamwambia, "na ubebe gambuti." Yule bwana alidhani gambuti ni za kukagulia shamba.

Asubuhi hiyo tukitembea kutoka Kangemi, Wekesa aliniambia, "Leo sisemi."

"Matroni je?"

"Matroni ana pensheni. Mimi hii ndiyo nafasi. Nikishazoeleka huko nitaeleza polepole."

Tulipofika akamwambia Matroni hivyo hivyo, usoni, jambo ambalo mwaka uliopita asingelithubutu. Nilidhani atalipuka. Akavua miwani, akaipangusa. "Mdomo ni wako," akasema. "Kazi ni yako. Mimi nitakaa pale." Akaenda kuketi kwenye benchi karibu na vitunguu vyake vya aibu.

Meneja akaja. Mtu mnene, mpole, shati jeupe na koti. Njoki akampokea langoni, akamwambia ameajiriwa kwa siku moja na bosi wake ni huyu hapa. Yule bwana akacheka, akaona hakuna mwingine anayecheka, akavaa gambuti. Wekesa akampeleka kwenye mboji. Nilikuwa nyuma yao na ndoo. Nikamwona kaka yangu ameshika jembe la meno, analiangalia, mdomo unafunguka na kufungika. Nikatazama benchi. Matroni alikuwa akitazama vitunguu.

Wekesa akalegeza mkono, akalisimika lile jembe ardhini.

"Kabla ya kazi," akasema, "kuna kitu lazima ujue. Nina kifafa. Redio, anguka."

Nikaanguka. Bila sabuni.

Meneja alinigeuza ubavu vibaya, Wekesa akamrudisha, "Tena. Polepole. Si gunia hilo." Akanigeuza vizuri. Jasho lilikuwa likimtiririka. Wakaenda wakafanya kazi, na nikaona Wekesa anamwonyesha namna ya kupindua mboji bila kuumiza mgongo, na yule bwana akiuliza maswali kama mtu aliyesahau alikuja kufanya nini.

Ilikuwa baada ya chai. Wekesa alikuwa ameinama kwenye tuta, akasimama nusu, akageuza shingo kama aliyeitwa, na akaanguka. Si kwa mfano.

Nilitupa ndoo. Mkono ukanikamata kola kutoka nyuma. Sikujua mama mzee anaweza kukimbia hivyo kwa viatu vile.

"Kaa," Matroni akasema.

"Ni kakangu!"

"Ukienda pale unamwambia huyo bwana hawezi. Kaa."

Naye akaketi, akaniketisha, na akaweka mikono yake miwili chini ya mapaja, akaikalia. Muuguzi wa miaka yote ile. Meneja alisimama kwanza kama mti, mdomo wazi, na nikaona kabisa macho yake yakitafuta lango. Kisha akapiga magoti. Akasukuma lile jembe mbali, akavua koti lake na kuliweka chini ya kichwa cha Wekesa, akamgeuza ubavu. Polepole. Alitazama saa yake mkononi, na midomo yake ilikuwa ikisema kitu. Baadaye Njoki alituambia alikuwa akirudia yale maneno ya Wekesa kwa mpangilio, kama mtoto anayetumwa dukani. Hakumtia kitu mdomoni. Akakaa naye.

Wekesa alirudi kidogo kidogo. Akafungua macho, akamtazama yule bwana, akatazama karai la mboji lililopinduka wakati wa ile haraka. Ulimi ulikuwa bado mzito.

"Umemwaga mboji," akasema.

"Samahani, Bosi," meneja akasema.

"Ichote."

Akaichota, kwa mikono, akiwa bado amepiga magoti. Mimi nilicheka na kulia pamoja, jambo la aibu kwa mtu wa umri wangu, na Matroni hakuniambia nizime. Meneja aliondoka bila kuahidi lolote. Alitusalimu tu, koti lenye udongo mkononi. Lango lilipofungwa Matroni alikwenda nyuma ya tangi, na nilipomfuata nikamkuta Njoki amemshikia kikombe cha chai anywe. "Zamu zote nilizofanya," akamwambia Njoki, "hakuna iliyonichosha hivi." Kisha akaniona. "Wewe unatafuta nini? Bosi wako yuko wapi? Mpelekee maji."

Simu ilipigwa kanisani wiki hiyo. Wekesa aanze Jumatatu.

Kuanza si kubaki, sisi tulijua. Mama aliishi na masikio mlangoni miezi mingi, akisubiri ule mwendo wa Wekesa wa siku za kufukuzwa. Alianguka huko kazini, ndiyo, penye waridi, mbele ya watu wa suti. Meneja alikuwa ameshawafundisha askari wote wa lango. Kesho yake Wekesa akavaa, akaenda. Mama akakaa kitini akisema asante, asante, asante, na Matroni akiwa hayupo hapo kuzipokea. Ndipo akaanza kunituma: ukimwona yule mama, mwambie. Lakini Matroni akisikia asante alikuwa akikumbuka ghafla kitu kinachoungua jikoni, na shamba halikuwa na jiko.

Sasa niko kidato cha tatu, na Jumamosi zimeliwa na masomo ya ziada. Matroni naye magoti yalimkataza kuja kila siku. Njoki ndiye anayeendesha shamba. Kwa hiyo sikuwa nimemwona kwa muda likizo iliyopita, nilipotumwa mjini kununua vitabu, nikamkuta ameketi kwenye ukingo wa dirisha la duka la dawa, karibu na posta, mguu mmoja ameunyoosha mbele ili watu wauzunguke. Amekonda. Miwani imekuwa minene. Nilisimama mbele yake nikabadilisha sauti. "Shikamoo mama, mimi ni afisa wa mieleka."

"Kaa chini, mjinga wewe."

Nikakaa. Nilikuwa nimeipanga ile asante ya Mama tangu zamani, hata nilikuwa nimeifanyia mazoezi, imara, bila utani. Nikasafisha koo. Akanikatiza.

"Wekesa?"

"Yuko kazini."

"Najua yuko kazini. Akirudi nyumbani anasema nini?"

"Akirudi?" Nikafikiri. "Analalamika."

Aligeuka mwili mzima. "Analalamika nini?"

"Kila kitu, Matroni. Mpira wa maji ni mfupi. Watu wa ofisi wanazima sigara kwenye waridi zake. Meneja ana upendeleo, ati yule wa kuosha madirisha hachelewi hata akichelewa. Jana amesema anadai gambuti mpya, na wasipompa atatafuta kazi kwingine."

"Alisema hivyo? Kwingine?"

"Mdomo umejaa ugali."

"Fanya vile alisema."

Nikafanya. Nilijaza mashavu, nikashusha sauti, nikagonga paja kama meza: "Nitaenda kwingine mimi! Watajua hawajui!" Matroni aliangua kicheko mpaka muuza magazeti akageuka. Alivua miwani, akajifuta kwa kona ya leso, akairudisha, akaivua tena. Kisha akanishika mkono wa shati, si kwa nguvu.

"Endelea," akasema. "Nini kingine?"

Asante ya Mama ikabaki mfukoni. Tulikaa pale, watu wakizunguka mguu wake na mifuko yao, nikamsimulia malalamiko yote ya kaka yangu, moja baada ya jingine, na yalipoisha nikamtungia mengine.